PC uliyoifunga mwenyewe haiwaki? Anzia ukutani, usianzie dukani

Kabla hujashika bisibisi nijibu swali moja, haiwaki vipi? Maana mtu anakupigia simu usiku anasema "kaka mashine yangu imekufa haiwaki", unafika kwake unakuta feni zinazunguka, taa zinamulika kama harusi, ila skrini nyeusi. Hiyo inawaka bana, haileti picha tu, ni ugonjwa mwingine na dawa yake nyingine. Kwahiyo bonyeza kitufe alafu angalia vizuri ni ipi kati ya hizi: kimya kabisa hamna hata feni kutikisika, au inashtuka kidogo feni zinazunguka nusu alafu inazima (wakati mwingine inarudia rudia hivyo hivyo), au inawaka vizuri ila haileti picha. Hapa naongelea hizo mbili za kwanza, ya tatu ntaigusa mwishoni kwa haraka.

Kitu cha pili, usinunue chochote saivi. Najua mkono unawasha, ushaona pawasaplai (lile boksi linalogawa umeme ndani ya PC) kwenye tangazo la mtu na unajiambia itakua ndo hiyo. Subiri. Mashine nyingi nilizoitiwa zikiwa "zimekufa" zilikua hazijafa, kuna waya haujaingia au kuna kitu kinapiga shoti, na wenyewe walikua washanunua RAM (vijiti vya kumbukumbu) mpya na pawasaplai mpya bure.

Uwe na bisibisi ya nyota, klipu ya karatasi ile ya chuma, raba ya penseli, tochi ya simu, na kama unaweza azima mita ya kupimia umeme, ile ya bei rahisi ya mafundi inatosha kabisa.

Hatua ya 1: ukutani

Unacheka ila fanya. Swichi ya soketi iko on? Umeme wa LUKU upo? Chomeka chaja ya simu kwenye tundu hilo hilo, sio la jirani yake, hilo hilo. Ekstensheni zetu hizi za bei rahisi zile bati za ndani zinalegea, plagi inaingia ila haigusi, kwahiyo ruka ekstensheni chomeka moja kwa moja ukutani.

Kama unatumia friji gadi au stabilaiza, jua zile zina kuchelewa, umeme ukikatika na kurudi inakaa dakika kadhaa ndo inaruhusu umeme upite. Nimeshawahi kuitwa Mbagala jua la saa nane, kufika namkuta jamaa kafungua keisi yote kamwaga skrubu kwenye sahani, kumbe friji gadi ilikua bado inahesabu. Nilivyofika ikawa ishawasha taa ya kijani yenyewe.

Alafu fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu mikubwa zina fyuzi ndogo ndani, umeme ukirudi na kishindo inaungua kimya kimya, huoni moshi husikii harufu. Njia rahisi ya kujua ni kuchomoa waya wa pawa wa monita ukauweka kwenye PC, mara nyingi ni kichwa kile kile. PC ikiwaka basi waya au fyuzi yake ndo tatizo, umemaliza, rudisha bisibisi. Ukibadilisha fyuzi weka ya namba ile ile, usije ukafunga karatasi ya sigara pale kama mafundi wa zamani.

Hatua ya 2: nyuma ya pawasaplai

Kuna swichi ya I na O. I ndo imewaka, O imezima. Watu wengi sana wanasahau hii siku ya kwanza ya kufunga, sio aibu.

Ila kwenye pawasaplai za zamani au za mtumba kuna swichi nyingine nyekundu imeandikwa 115 na 230. Huku kwetu ni 230. Kama mzigo umetoka Marekani kuna uwezekano iko kwenye 115, na ukiichomeka hivyo Tanzania au Kenya itapiga "paa!" na moshi na hapo hamna hatua ya tatu. Kwahiyo iangalie KABLA ya kuchomeka. Za kisasa nyingi hazina hiyo swichi, zinajirekebisha zenyewe kuanzia volti 100 mpaka 240.

Jambo lingine, ukigusa keisi unasikia inakunyonya nyonya au kukutekenya kwa umeme? Hiyo maana yake arthi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) haipo, labda unatumia adapta ya miguu miwili au nyumba yenyewe arthi haijafungwa. Haiui mashine leo ila tafuta fundi umeme airekebishe, na wewe usiifanyie kazi ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji.

Hatua ya 3: toa umeme uliobaki ndani

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ushikilie sekunde 30 hivi, subiri dakika moja, rudisha waya, jaribu. Sababu ni kwamba pawasaplai ikihisi shoti inajifunga, na haifunguki mpaka umeme wote uishe kabisa. Hii peke yake inafufua mashine nyingi baada ya umeme kukatika katika, hasa msimu wa mvua.

Ikikataa, sasa fungua mfuniko wa keisi ila waya uchomoe kwanza. Na pawasaplai yenyewe usiifungue KAMWE. Kapasita za ndani zinakaa na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umechomoa muda, sio ya kuchezea kama huna ujuzi huo.

Hatua ya 4: taa ya madabodi

Rudisha waya ukutani, washa I, usibonyeze kitufe. Madabodi (ile sahani kubwa ambayo vifaa vyote vinachomekwa) nyingi zina taa ndogo mahali fulani, zima taa ya chumba uione vizuri. Ikiwaka ina maana ule umeme mdogo wa kusubiri, volti 5, unafika, kwahiyo pawasaplai haijafa kabisa (sijasema ni nzima, nimesema haijafa kabisa). Isipowaka na unajua kabisa madabodi yako huwa nayo, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Hatua ya 5: kitufe

Kitufe cha keisi ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote humo ndani na kinaharibika. Tafuta zile pini ndogo chini kona ya madabodi ambapo nyaya nyembamba za mbele zinaingia, zimeandikwa F_PANEL au JFP1 au kitu kama hicho. Kwenye mpangilio wa kawaida ni mistari miwili, pini 9 na pengo moja. Mstari wenye pengo ndo wenye taa ya pawa pini mbili alafu kitufe cha pawa pini mbili, mstari wa pili ni taa ya diski alafu riseti (kitufe cha kuanzisha upya). Hakikisha kwenye kitabu cha madabodi yako au tafuta PDF yake, kwasababu nimeona watu wameweka waya wa kitufe kwenye taa, hata ubonyeze mpaka Krismasi.

Waya wa kitufe hauna chanya na hasi, upande wowote sawa. Taa ndo zina upande, ila taa ikigeuzwa haiwaki tu, haizuii mashine.

Ujanja hapa ni kuchomoa waya wa kitufe cha pawa, ukaweka waya wa riseti kwenye pini zile zile za pawa, alafu ubonyeze riseti. Ikiwaka basi kitufe kimekufa, na unaweza kuishi hivyo hivyo mwaka mzima ukiwashia kwenye riseti, mimi nimeishi. Kama keisi haina riseti, gusisha pini mbili za pawa kwa ncha ya bisibisi nusu sekunde tu, inatosha kama umebonyeza. Uwe na uhakika ni pini hizo lakini, usiguseguse hovyo.

Hatua ya 6: nyaya mbili kubwa

Waya wa pini 24, ule mpana unaoingia pembeni ya madabodi. Uchomoe, uurudishe, sukuma mpaka kile kikulabu kikamate. Huu unahitaji nguvu kidogo, wengi wanaogopa madabodi inavyopinda wanaishia njiani, imeingia upande mmoja tu. Weka vidole nyuma ya madabodi kama panafika.

Alafu waya wa prosesa (CPU, ubongo wa mashine), pini 8 au 4+4, juu kushoto karibu na prosesa. Huu ndo unaosahaulika kuliko wote kwasababu umejificha juu kule kwenye kona. Bila huu madabodi nyingine zinazungusha feni bila kitu, nyingine zinashtuka na kuzima.

Sasa sikiliza, kuna waya mwingine wa pini 8 wa kadi ya grafiki (ile inayotoa picha), ule wa 6+2. Unafanana na huu ila volti na arthi zimekaa kinyume. Umbo la pini limetengenezwa lisiingie, lakini mtu akiwa na haraka na mikono ya chuma ataingiza, na hapo ni shoti ya moja kwa moja. Angalia kichwa cha waya, wa prosesa umeandikwa CPU, wa grafiki umeandikwa PCIe au VGA.

Na kama pawasaplai yako ni ile ya kuchomoa nyaya zote, tumia nyaya zake zilizokuja nayo TU. Usichukue waya wa pawasaplai nyingine hata kama kichwa kinaingia vizuri, hata kama ni kampuni ile ile toleo lingine. Upande wa madabodi uko sawa dunia nzima, ila upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga inavyotaka. Jamaa yangu mmoja aliunguza diski mbili kwa siku moja kwa kosa hilo, moja ikiwa na picha za harusi ya dada yake.

Hatua ya 7: klipu ya karatasi

Hapa tunaitenga pawasaplai peke yake. Chomoa waya ukutani, chomoa nyaya ZOTE kwenye madabodi, kadi, diski. Chukua kile kichwa cha pini 24 na utafute waya wa kijani, upo mmoja tu. Nyoosha klipu uikunje kama U, mguu mmoja kwenye tundu la kijani, mwingine kwenye tundu lolote la waya mweusi jirani yake. Ndo kwanza sasa chomeka ukutani na washa I. Ukishawasha usiishike ile klipu.

Nyaya zote nyeusi hakuna rangi? Angalia mstari wenye kikulabu. Kijani ni tundu la 4 ukihesabu kutoka upande mmoja, na utajua ni upande sahihi ukiona tundu la 8 kwa hesabu hiyo hiyo halina waya. La 5 kutoka upande huo ni jeusi, kwahiyo unaunganisha la 4 na la 5.

Feni ya pawasaplai ikizunguka, ina uhai. Isipozunguka usiizike bado, maana nyingi za kisasa feni haiwaki mpaka ipate joto, chomeka feni moja ya keisi au diski ya zamani uone kama inazunguka.

Kama una mita hapa ndo utajua ukweli, kwasababu kuzunguka kwa feni sio ushahidi wa afya. Weka mita kwenye volti za DC, mguu mweusi kwenye waya mweusi. Njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 mpaka 5.25, chungwa 3.14 mpaka 3.47. Zambarau ni ile ya kusubiri, 4.75 mpaka 5.25, na hiyo unaipata hata bila klipu ilimradi swichi iko I. Zambarau ikiwa haipo basi hamna kitufe kitakachowasha hiyo mashine, pawasaplai imekwenda. Kijivu isome karibu na 5, hiyo ndo inaiambia madabodi "umeme uko sawa endelea", bila hiyo feni zinaweza kuzunguka na mashine ikakaa tu inasubiri.

Imekufa? Ndo ununue sasa. Unene wa maandishi ya wati kwenye boksi usikudanganye, ishike mkononi, pawasaplai ya wati 700 nyepesi kama boksi la njiti naikwepa. Na ile iliyopiga paa au kutoa moshi usiijaribu tena kwenye madabodi nzima hata kama "imewaka tena".

Hatua ya 8: pawasaplai nzima, mashine bado kimya

Hapa ndo penye kazi na hapa ndo nilipoteza wiki mbili za maisha yangu. Mashine yangu ilizima siku moja mchana ikagoma kabisa, unabonyeza feni inatikisika mara moja, basi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini akaipima pale dakika tano akasema madabodi imeungua, akanitajia na bei ya nyingine. Nikarudi nayo nimenuna. Nikakaa nayo chini ya meza mpaka Jumapili moja nikasema ngoja nivue kila kitu nione, nilivyochomoa tu waya wa USB za mbele, ikawaka. Kumulika na tochi kwenye tundu la USB la mbele, kale kaulimi keupe ka ndani kameshavunjika, pini zimepinda zinagusa bati. Mpwa wangu aliingiza flashi kinyume kwa nguvu, na hakusema.

Kwahiyo chomoa USB zote za nje, mausi, kibodi, printa. Chomoa USB za mbele kwenye madabodi, waya wa sauti, diski zote, feni za ziada, taa za rangi rangi. Toa kadi ya grafiki. Bakiza madabodi, prosesa na feni yake, RAM kijiti kimoja, basi. Jaribu. Ikiwaka rudisha kimoja kimoja, zima na uchomoe ukutani kila unaporudisha kitu. Kile kitakachoizima ndo mchawi wako.

Hatua ya 9: itoe kwenye keisi

Bado? Itoe madabodi yote nje. Ile keisi ni bati, na nyuma ya madabodi kuna miguu mamia ya kulehemu iliyo wazi. Kati yake kuna vile vijiskrubu vya shaba vinavyoinua madabodi isiguse bati. Vikiwa pungufu madabodi inalala kwenye bati, na kimoja kikiwa mahali ambapo madabodi haina tundu kinagusa miguu hiyo na kupiga shoti. Madabodi ya ATX (saizi kubwa ya kawaida) ina matundu 9, ndogo zaidi yanapungua, kwahiyo ukiwa umehamisha madabodi ndogo kwenye keisi iliyokua na kubwa lazima kuna cha kutoa. Tafuta pia skrubu iliyodondoka, na usishangae ukikuta mende aliyekauka au mjusi, huku Pwani wanapenda joto la humo.

Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi, sio juu ya ule mfuko wake wa kung'aa maana nje yake unaweza kupitisha umeme. Chomeka 24, chomeka 8, gusisha pini za pawa na bisibisi. Ikiwaka juu ya boksi na ndani ya keisi haiwaki, basi jibu unalo, ni keisi.

Isipowaka, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba taratibu, pangusa vumbi la raba, rudisha. Huu ni ujanja wa mafundi wetu wa siku zote na unafanya kazi, hewa ya chumvi inafubaza hayo meno. Kijiti kimoja kinakaa tundu la 2 ukihesabu kutoka kwenye prosesa kwa madabodi nyingi za matundu manne, bonyeza mpaka kilie "ka". Jaribu na kijiti kingine.

Alafu futa mipangilio ya BIOS (programu ndogo ya madabodi inayoamsha mashine): chomoa umeme, toa ile betri ya duara CR2032 dakika tano, irudishe. Kama ina miaka mingi weka mpya.

Mwisho toa feni ya prosesa uangalie prosesa yenyewe. Intel za miaka hii na AMD za soketi (kikao cha prosesa) ya AM5 pini ziko kwenye madabodi, AMD za soketi ya AM4 pini ziko kwenye prosesa. Mulika kwa pembeni, pini iliyolala utaiona haing'ai kama wenzake. Kwa AM4 pesti (ile dawa ya kupitisha joto) ikikauka prosesa inang'oka pamoja na hitisinki (lile bati la kupooza prosesa) na pini zinapinda, kwahiyo zungusha hitisinki kushoto kulia taratibu kabla ya kuvuta juu, usivute kama unang'oa muhogo.

Inawaka ila picha hamna

Haraka haraka: waya wa monita uchomeke kwenye kadi ya grafiki sio kwenye madabodi. Kama huna kadi, hakikisha prosesa ina grafiki yake, Intel zenye herufi F mwishoni hazina, Ryzen 5 3600 haina, 5600G inayo. Angalia taa ndogo nne za CPU, DRAM, VGA na BOOT kama madabodi inazo, ile iliyoganda ndo inakuambia pa kuangalia. Na kama ni RAM za aina ya DDR5 na ndo mara ya kwanza, iache, inaweza kukaa giza dakika kadhaa inajifunza RAM zake, usiizime katikati.

Imegoma kila kitu

Umebaki na madabodi na prosesa. Madabodi zinakufa mara nyingi zaidi kuliko prosesa, kwahiyo anza kuishuku hiyo. Mtafute mtu mwenye madabodi ya soketi ile ile muijaribu prosesa yako kwake, hakikisha BIOS yake inaijua prosesa yako maana isipoijua mtadhani imekufa. Ikiwaka kule, unajua cha kununua.

Ukiamua kupeleka kwa fundi, beba madabodi na prosesa ikiwa ndani ya soketi, kijiti kimoja cha RAM na feni yake, viache vingine vyote nyumbani. Funga kwenye boksi lake, panda bajaji uvishike mapajani. Muombe ajaribu kwa pawasaplai yake pale pale mezani ukiwa umesimama unaona, na akisema imeungua muulize wapi, akuonyeshe kwa kidole au kwa mita. Akisema "acha uje kesho", mwambie utasubiri, uliza kama kuna soda karibu.